Nguo ya Kuazima

Udi hauipendi milima. Ukitoka Birkat al Mawz, Oman, gari likaanza kupinda na kupanda hadi uwanda wa Sayq, kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari, hewa hukauka na mbao nazo hukauka. Vigingi husinyaa ndani ya matundu yake, nyuzi hushuka moja moja, na chombo kilichoondoka Nizwa kikiimba vizuri hufika juu kikinung'unika. Dumbak huumwa ugonjwa wa kinyume. Kule Unguja ngozi yake hunywa unyevu wa bahari ikalegea, mpigaji akalazimika kuiotesha moto kabla ya shughuli. Huku juu, mlimani Jabal Akhdar, hakuna haja ya moto. Ngozi hujikaza yenyewe mpaka ukiigusa hulia kama kigae.

Ndiyo maana saa ya kwanza pale barazani huwa si saa ya muziki. Ami yangu huukamua vizuri mkono wa kanzu kuukuu aliouchovya maji, akautia ndani ya mfuko pamoja na udi, akafunga. Kisha hunywa kahawa. Ukimuuliza anasubiri nini, hukujibu kama anayemsemea mgonjwa: "Mwache apumzike, mwanangu. Naye kapanda mlima."

Hupanda kila Aprili, msimu wa waridi. Vijiji vya al-Aqr na al-Ayn vimening'inia ukingoni mwa korongo, mashamba yameshuka ngazi kwa ngazi, na maua huchumwa alfajiri kabla jua halijaiba harufu. Baadaye majiko huwashwa. Petali hutiwa chunguni, bakuli la shaba likawekwa humo ndani, na juu kabisa hufunikwa chombo cha maji baridi. Mvuke ukipanda ukakutana na baridi hugeuka tone, na tone likaanguka bakulini. Kazi yote ya mwenye jiko ni kuchochea moto kwa kiasi, kubadilisha maji yakipata joto, na kungoja. Njia nzima ya kupanda, Ami huicheza garini albamu ya Culture Musical Club ya Zanzibar iliyotoka mwaka 2003. Jina lake *Waridi*.

Nyumba ni ya rafiki yake, mpiga fidla. Wa tatu hupiga dumbak na rika, tari ndogo. Ni mdogo wao kwa miaka miwili, na kwa kosa hilo hadi leo ndiye anayeagizwa maji. Wote wamezaliwa Unguja, wote wameshavuka sabini, na wamefanya mazoezi ya taarab pamoja kwa zaidi ya miaka 40, kwanza Muscat katika vyumba vya kupanga, kisha Nizwa walipostaafu. Hawajatoa sahani wala kanda. Wamepiga harusi kadhaa za watoto wa jamaa, basi. Wenyewe kwa wenyewe huzungumza Kiswahili cha Mjini, wakigeukia Kiarabu pale tu mjukuu anapoingia kuomba simu.

Nyimbo wazijuazo ni za aina mbili, na wao huziita "za watu" na "zetu". Za watu hazihesabiki: za Cairo, za Ikhwani Safaa, za Culture, za Siti binti Saad. Zetu nimezihesabu. Ni tisa.

Zamani hesabu hii ilinipa taabu. Nguo ya kuazima haisitiri mwili, wamesema wahenga, na mimi kwa ujana wangu niliwaonea huruma wazee waliomaliza umri wao ndani ya nguo za wenzao. Nyimbo tisa kwa miaka 40! Leo nawasikiliza kwa masikio mengine, na nitajaribu kueleza nilichokisikia, kwa sababu ni ufundi usiojionyesha. Ukipita barazani ukiwa na haraka utasikia wazee watatu wanapiga wimbo mkongwe wa redio, utatabasamu, utakwenda zako.

Taarab yenyewe, kwanza, iliingia Unguja ndani ya nguo ya kuazima. Inasimuliwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipendezwa na muziki wa Misri akamtuma Mohamed bin Ibrahim kwenda Cairo kujifunza ganuni. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilipoundwa mwaka 1905, vyombo viliagizwa Misri na nyimbo zikaimbwa kwa Kiarabu. Sifa ya mwimbaji ilikuwa kufanana. Kadiri ulivyokaribia sauti iliyotoka Cairo, ndivyo ulivyohesabiwa fundi.

Na kufanana huko hakukuwa kazi ndogo. Hakukuwa na maandishi ya noti. Palikuwa na santuri, na upande mmoja wa sahani ya zamani ulibeba kama dakika tatu. Unaweka sindano, unasikiliza kipande, unainyanyua sindano, unakitafuta kipande udini, hukipati, unairudisha sindano. Udi hauna vigawanyo shingoni vya kukuonyesha pahala pa kidole, kwa hiyo sauti ni ya kuisaka kwa sikio. Katika maqamu ya Rasti sauti ya tatu haikai pale inapokaa kwenye piano; imeshuka kidogo, robo hivi, na hiyo "hivi" ndiyo elimu yenyewe. Ukipanda mno umeharibu, ukishuka mno umehamia nyumba nyingine. Aliyejifunza hivyo hakuuazima wimbo tu. Aliazima sikio zima la watu wengine, akalivaa mpaka likawa lake.

Kisha akaja Siti binti Saad wa Fumba, akaifungua mishono. Aliimba kwa Kiswahili. Wapigaji wake, akina Subeti bin Ambari, Maalim Shaaban, Buda bin Swedi na Mbaruku, walikusanyika kwake usiku, na katika mazungumzo ya habari za mji mlikuwa na mbegu za nyimbo: mmoja ana maneno, mwingine ana sauti, wa tatu anasema hapa pakate. Mwaka 1928 walisafiri hadi Bombay kurekodi, na sahani zao zikarudi kuuzwa pwani nzima. Watu waliojifunza kwa kufananisha ndio waliotoa kitu kisichofanana na chochote cha Cairo.

Sikiliza habari hiyo kwa masikio ya mtu wa Oman, utasikia mwangwi. Sur, mji wa majahazi upande wa Sharqiyah, ulimzaa Salim Rashid Suri, baharia na mpiga udi aliyeimba sawt, uimbaji wa mabandari ya Ghuba. Naye alirekodi Bombay. Baadaye alikaa Bahrain, akaanzisha kampuni yake ya sahani, Salimphone, kisha akarejea Oman katika miaka ya 1970 na kufariki mwaka 1979. Baharia na mwimbaji wa Fumba walibisha mlango wa mji mmoja kwa sababu mitambo ilikuwa huko. Ami humtaja Suri kama watu wanavyomtaja jirani, na hupenda kusema kwamba wimbo wa bandarini ni kama mchuzi wa jahazini: kila mji unapotia nanga unaongezwa kitu, na hakuna anayedai sufuria.

Siyo kwamba sufuria haijapata kugombewa. Mombasa, Juma Bhalo alijenga jina kubwa kwa kuchukua sauti za nyimbo za filamu za Kihindi na kuziimbia mashairi ya Kiswahili, mengi yakiwa ya binamu yake, malenga Ahmad Nassir. Zein l'Abdin, mpiga udi aliyetoka Lamu, aliushika upande mwingine: akarudi kwenye udi wa Kiarabu na midundo ya ngoma za Waswahili, akiona kwamba huko ndiko kwetu. Mabaraza ya Mombasa yalipata mjadala wa miaka. Nikiwauliza wazee wangu wako upande gani, mpiga fidla hujibu kwa kupiga kipande cha Bhalo, halafu kipande cha Zein, bila kuondoa uta kwenye nyuzi. Hapo huwezi kujua mpaka uko wapi. Nadhani ndilo jibu.

Sasa nikupeleke barazani, udi ukiwa umeshapumzika.

Huanza na bashrafu. Haina mwimbaji wala maneno; ni muziki mtupu uliokuja kwa njia ya Uturuki na Misri, na vikundi vya Unguja huufungulia shughuli. Kwao watatu ni kipimo cha afya. Ndani yake kuna mwendo wa taratibu unaorudi na kurudi, na kila ukirudi utamwona Ami akigusa kigingi kimoja kwa kidole gumba, nukta tu, huku risha ya kupigia nyuzi haijasimama. Mpiga fidla haangalii. Amesikia uzi umeshuka, na kwa mzunguko huo mmoja amekwisha kuishusha fidla yake kidogo kumfuata mwenzake huko chini, ili mgeni asijue kuna aliyeanguka. Uzi ukipandishwa, naye hupanda. Nimelitazama jambo hili kwa misimu mitatu kabla ya kulisadiki.

Baada ya bashrafu huja "Enta Omri". Umm Kulthum aliuimba mara ya kwanza Februari 1964. Ni wimbo wa kwanza aliotungiwa sauti na Mohammed Abdel Wahab, na Abdel Wahab, aliyekuwa hana woga wa kuazima, alitia ndani yake gitaa la umeme. Kwa Waarabu wa Cairo mwaka ule ulikuwa mwaka wa wimbo. Kwa hawa watatu, watoto wadogo wa Mjini, ulikuwa mwaka wa Mapinduzi ya Zanzibar, na wimbo uliingia masikioni mwao redioni wakati nyumba zikihesabu nani yupo na nani hayupo. Hawalizungumzi hilo. Huupiga wimbo.

Fikiria tatizo lenyewe. Nyuma ya Umm Kulthum kulikuwa na jopo kubwa: fidla nyingi zikivuta kwa pamoja, chelo, ganuni, nai, na hilo gitaa. Hapa kuna wanaume watatu na sahani ya tende. Kundi changa lingejaribu kujaza pengo kwa kelele, au kwa kinanda cha umeme kama ilivyofanya taarab ya rusha roho kuanzia miaka ya 1990. Wao wamefanya kinyume. Wamepunguza.

Sehemu ya gitaa huipiga Ami kwa kuisogeza risha nyuma, karibu kabisa na daraja la nyuzi, pahala ambapo udi hupoteza utamu wake wa tumboni na kutoa sauti kali, ya chuma. Mpiga fidla hawezi kuwa fidla 20, basi hajaribu. Hushuka chini, kwenye uzi mnene, akavuta polepole kwa sauti ya kukaribia kunyamaza. Masikio yako, ambayo yameusikia wimbo huu mara mia, yanaziongeza fidla 19 yenyewe. Dumbak huacha mapigo. Pale ambapo kila mpigaji ungemtarajia agonge, yeye huinua vidole na kuviweka tu juu ya ngozi. Ngozi ya mlimani ni kali, ndivyo alivyonieleza, na ukiigonga kila mara itawapigia kelele wazee. Hivyo hali ya hewa ya Sayq imeingia ndani ya wimbo wa Cairo, na hakuna aliyeuliza ruhusa.

Yale wanayoyatoa yamekwisha kupita motoni. Maua mengi, tone moja.

Wakikosea, fidla hunyanyua uta. Hapatamkwi neno. Na hawarudi mwanzo, kama wanavyofanya wanaojifunza. Hurudi pumzi moja kabla ya kosa, pale pale lilipozaliwa. Inahitaji watu watatu wenye kumbukumbu moja ya wimbo, kila mmoja akijua si sehemu yake tu bali pahala mwenzake anapovuta hewa. Hilo halipatikani kwa kipaji. Linapatikana kwa kukaa pamoja Alhamisi baada ya Alhamisi, mkirudia kitu ambacho hakuna kati yenu anayeweza kudai ni chake, kwa hiyo hakuna anayekasirika kikiguswa. Ndipo nilipoanza kuielewa hesabu ya tisa. Wimbo wa mtu mwingine ni uwanja usio na mwenyewe. Humo ndimo wapigaji wanamojuana.

Wazungu wa roki nao wanalijua. Mwaka 2016 Rolling Stones, baada ya zaidi ya miaka 50 ya kupiga pamoja, walitoa albamu ya *Blue & Lonesome*, nyimbo 12 na hata moja si yao; zote ni blues za Wamarekani weusi walizozipenda tangu ujana. Walizirekodi kwa siku tatu. Kwetu, Bi Kidude aliziimba nyimbo za Siti mpaka uzeeni, akizibadilisha mwendo na maneno kadiri alivyopenda. Dunia ilimtunza tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na mpaka anafariki Aprili 2013 hapakuwa na mtu Unguja aliyethubutu kumwambia kwamba anaimba vya watu. Mwaka huo wa tuzo, Ikhwani Safaa ilitimiza miaka 100. Kikundi hakifiki karne kwa kutunga vipya peke yake. Hufika kwa kuwa na vya kurudia.

Lakini nilisema nitaeleza nilichokisikia, na bado sijafika.

Katika "Enta Omri" kuna pahala muziki unapanda, na kileleni pana sauti moja ya juu. Kila nikiwasikiliza, hapo fidla huingia ghafla, ikaitia sauti hiyo peke yake, ndefu kidogo, kisha ikamrudishia udi njia. Nililipenda pambo hilo. Nilidhani ndiyo sahihi ya mpiga fidla, jeuri yake ndogo ya mara moja kwa usiku. Siku moja nikishuka mlima niliuweka wimbo wa asili garini, nikasubiri kilele kile. Pambo halikuwapo.

Msimu uliofuata nilingoja Ami aondoke kutawadha, nikamuuliza rafiki yake.

"Mzee, pale juu mbona wewe ndiye unayepiga?"

Alikuwa akipaka ulimbo kwenye uta. Hakuacha.

"Kidole chake cha mwisho hakifiki tena," akasema. "Miaka minane sasa."

"Na yeye anajua kama unampigia?"

"Hatujapata kuzungumza."

Ami akarudi, akiteremsha mikono ya kanzu, akaketi, akauchukua udi. Alisema wapige moja ya zetu, ile ya mwisho.

Nyimbo zao huundwa kama zilivyoundwa kwa Siti, kwa kugawana. Maneno huwa ya mpiga dumbak: beti tatu, mizani nane kwa nane, na hapendi jina lake litajwe, kama watunzi wengi wa taarab kabla yake. Fidla hutunga muziki wa kati, ule unaompumzisha mwimbaji. Sauti, yaani njia ambayo maneno yatapita, huitia Ami. Wimbo huu unahusu zamu ya maji ya falaji, mfereji wa mashamba: mtu anayekesha shambani akingoja saa yake, na maji yanapofika yanakuwa yameshapita kwa jirani zake wote.

Nilikuwa nimeusikia mara nyingi. Usiku huo niliusikiliza kwa sababu ya kidole. Ubeti wa tatu hupanda, kama ilivyo desturi, kuelekea kituo cha juu kabla ya kiitikio. Udi ukapanda nao, risha ikicheza, sauti kwa sauti; na ngazi moja kabla ya kilele Ami akaunyanyua mkono wake wote wa kushoto, akauacha hewani juu ya shingo ya udi, kama mtu anayemfungulia mgeni mlango. Hakusitasita wala hakutafuta. Pengo lilikuwa limetungwa tangu siku ya kwanza, pana kiasi cha fidla moja kupita. Mtunzi wa sauti ile ni yeye mwenyewe.

Fidla ikapita, ikaishika sauti ya juu peke yake. Dumbak likanyamaza. Huko nje majiko yalikuwa yamezimwa, na harufu ya moshi na waridi ilikuwa bado imekaa barazani. Ami aliinamisha kichwa upande wa rafiki yake, akasikiliza mpaka uta ulipofika mwisho, ndipo akaushusha mkono.